Safari ya Kidahwe: Agiza Kipuri Kabla Mashine Haijasimama

Mwezi huu safari yetu ni ya mkoani Kigoma. Twende Kidahwe.

Kidahwe iko mashariki ya mji wa Kigoma. Ni mwendo wa karibu kilometa 30 kwa barabara. Hapo ni njia panda. Barabara moja inakwenda Kasulu. Barabara nyingine inakwenda Uvinza, mji unaojulikana kwa chumvi yake tangu zamani sana. Zamani barabara hizi zilikuwa za udongo. Wakati wa mvua gari liliweza kukwama na kulala njiani. Siku hizi kuna lami, na safari imekuwa nyepesi.

Mtu anayetoka Kigoma huliacha Ziwa Tanganyika nyuma yake. Ziwa hilo ndilo lenye kina kirefu kuliko yote katika Afrika. Barabara huingia katika nchi ya vilima na mabonde. Kando yake utaona mihogo, migomba, maharage na mahindi. Na kila mahali utaona michikichi.

Mchikichi ni mti wa baraka kwa watu wa Kigoma. Nyama ya tunda lake hutoa mawese. Mawese ni mafuta ya kupikia, na pia hutengeneza sabuni. Mbegu ya ndani, yaani mise, nayo hutoa mafuta. Makapi huwashia moto. Vijiti vya majani hufanya mafagio. Watoto wengi wa Kigoma wamesoma kwa fedha ya mawese.

CHIKICHI HAZINGOJI

Kutengeneza mawese ni kazi ya hatua nyingi. Kwanza mkungu hukatwa. Kisha chikichi hutolewa katika mkungu. Halafu huchemshwa mpaka zilainike. Zikiwa bado za moto, hupondwa na kukamuliwa. Mwisho mafuta huchemshwa tena ili maji na uchafu vitoke.

Zamani kuponda kulifanyika kwa kinu na kwa miguu. Ilikuwa kazi nzito, na mafuta mengi yalibaki katika makapi. Sasa vikundi vingi vina mashine. Nyingine huzungushwa kwa mkono. Nyingine huendeshwa kwa injini ya dizeli au kwa umeme.

Lakini kuna jambo moja ambalo mashine haiwezi kulibadili. Chikichi hazingoji. Mkungu ukishakatwa na chikichi zikichubuka, mafuta yaliyo ndani huanza kuharibika. Huanza kuwa makali. Kila siku inayopita yanazidi kuharibika. Mafuta ya namna hiyo hupata bei ndogo, na hayakai. Kwa hiyo inafaa chikichi zikamuliwe siku moja au mbili baada ya kuvunwa.

Sasa fikiria mashine ikisimama wakati wa mavuno mengi.

KIPANDE KIDOGO CHASIMAMISHA KAZI KUBWA

Hilo ndilo nililolikuta kwa kikundi kimoja huko Kidahwe. Nilikwenda kuona mashamba ya michikichi. Nilitarajia kusikia mlio wa mashine tangu mbali. Sikusikia kitu. Chini ya banda palikuwa na marundo ya mikungu. Akina mama walikuwa wamekaa kivulini. Injini ilikuwa nzima. Mkanda ulikuwa mzima. Mafuta ya dizeli yalikuwepo.

Mwenyekiti wa kikundi alinionyesha kipande cha chuma kiganjani mwake. Hakikuzidi urefu wa kidole gumba.

"Bwana Shamba," alisema, "mashine haijafa. Kilichokufa ni hiki tu."

Kilikuwa ni bushi. Bushi ni kipande cha mviringo chenye tundu katikati. Shafti ya mashine hupita katika tundu hilo na kuzunguka. Bushi hutengenezwa kwa chuma laini kuliko shafti. Mara nyingi ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Kazi yake ni kulika badala ya shafti. Shafti ni ya bei kubwa. Bushi ni ya bei ndogo. Bushi ikilika, unaitoa na kuweka nyingine. Basi kulika kwa bushi si ajali. Ni jambo linalojulikana kwamba litatokea, na litatokea tena.

Ile bushi ilikuwa imelika kwa siku nyingi. Mashine ilikuwa ikipiga kelele, lakini kazi iliendelea. Iliposhindwa kabisa, kijana mmoja alitumwa mjini kwenye karakana. Fundi hakuwa na bronzi ya unene ule. Alisema aingoje. Baada ya siku 9 bushi ikaja. Fundi alikuwa ameifuata ile iliyolika kama kielelezo. Kwa hiyo tundu lake lilikuwa pana tangu mwanzo. Ikafanya kazi kwa siku chache, kisha ikaanza kugonga. Kijana akarudi mjini mara ya pili.

Bibi mmoja alikuwa amekaa karibu na mikungu yake. Fedha ya mawese yale ilikuwa ya sare na madaftari ya wajukuu wawili. Aliniambia, "Mwanangu, mimi ninaweza kungoja. Mikungu hii haiwezi."

Tuifikirie habari hii. Nani alikosa? Fundi alifuata alicholetewa. Kijana alikwenda alikotumwa. Kilichokosekana ni mpango.

KIGOMA NI MBALI

Kipuri hakitoki mbinguni. Fundi wa Kigoma hukereza bushi kwa mashine ya kukereza. Mashine hiyo huzungusha chuma, na kisu hukichonga. Lakini chuma chenyewe na bronzi yenyewe hutoka mbali. Vingi vinatoka Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200.

Njia ndefu ina mambo mengi. Mwezi Desemba 2009 na Januari 2010 mvua kubwa ziliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Treni zilisimama kwa miezi. Aliyekuwa na akiba ya vipuri aliendelea na kazi. Aliyengoja mpaka kipuri kivunjike aliumia.

Nchi ya Kigoma inayo mafunzo ya zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1871 mtembezi David Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa. Alikuwa ametumiwa bidhaa zake Ujiji, zimngoje huko. Alipofika alikuta zimekwisha kuuzwa. Alikuwa hana kitu mpaka Stanley alipomfikia mwaka huo huo. Funzo ni hili: akiba ni ile uliyoiona na kuihesabu. Kusema "ipo kwa fulani" hakutoshi.

Funzo jingine linatoka katika meli ya Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yaliletwa Dar es Salaam kwa meli, kisha Kigoma. Hapo iliunganishwa upya na kuingizwa ziwani mwaka 1915. Hebu fikiri: kama kipande kimoja muhimu kingesahauliwa Ujerumani, kazi ingesimama. Ndiyo maana kila kitu kilipangwa mapema.

Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi. Meli ilikaa chini ya maji miaka mingi. Ilipotolewa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Kama grisi iliweza kulinda injini chini ya ziwa, itashindwaje kulinda bushi ndani ya sanduku lako?

JE, TUFANYE NINI?

Jioni ile tulikaa na wanakikundi, tukapanga. Mambo tuliyoyazungumza yanafaa kwa mashine ya mawese. Yanafaa pia kwa mashine ya kusaga unga, ya kukoboa, na hata kwa injini ya mtumbwi.

1. Weka daftari la mashine

Kila mashine iwe na daftari lake. Mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika alitunze. Aandike jina la kipuri, siku kilipofungwa, siku kilipokwisha, na mahali kilipotoka. Baada ya msimu mmoja daftari litaanza kusema. Litakuambia kwamba bushi hudumu wiki mbili. Litakuambia kwamba mkanda hudumu miezi sita. Bila daftari tunabishana. Huyu anasema, "Tuliibadili juzi." Yule anasema, "Hapana, ni mwezi uliopita."

2. Tenga vipuri vya dukani na vipuri vya fundi

Vipuri vingine hutengenezwa viwandani kwa vipimo vinavyojulikana. Hivyo ni kama beringi na mikanda. Usipeleke maneno matupu dukani. Soma namba iliyoandikwa juu yake.

Chukua beringi yenye namba 6205. Tazama tarakimu mbili za mwisho, 05. Zidisha kwa 5. Unapata 25. Basi tundu la beringi hiyo ni milimita 25. Beringi 6206 ina tundu la milimita 30. Kanuni hii inafaa kwa beringi nyingi za kawaida, kuanzia zile zinazoishia na 04. Ukiona herufi 2RS baada ya namba, maana yake beringi ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. Kifuniko hicho huzuia vumbi na uchafu.

Mkanda nao una namba. Mkanda wa B68 una upana wa milimita 17 juu. Hiyo ndiyo maana ya B. Urefu wake ni inchi 68. Kama puli yako ina mikanda miwili, ibadili yote pamoja. Mkanda mpya na wa zamani havichukui mzigo sawasawa.

Vipuri vingine hukerezwa na fundi kwa ajili ya mashine yako. Hivyo ni kama bushi, shafti na parafujo la kukamulia. Hivi ndivyo vinavyohitaji mpango zaidi, maana huvikuti vimening'inia dukani.

3. Hifadhi kielelezo kipya

Usimpe fundi kipuri kilicholika peke yake. Tuseme bushi mpya ina tundu la milimita 40. Ikilika, tundu linafika milimita 42. Fundi akifuata 42, bushi mpya itakuwa imezeeka siku ya kwanza.

Kwa hiyo, ukipata bushi iliyofanya kazi vizuri, agiza moja zaidi ya hiyo hiyo. Usiitumie. Ipake grisi, ifunge katika karatasi au nailoni, na itie alama ya rangi. Hiyo ndiyo mama wa bushi zote. Kila utakapoagiza, fundi atapima hiyo. Kisha inarudi sandukuni.

Andika pia vipimo katika daftari: urefu, unene wa nje, na tundu. Mwombe fundi akupimie. Pima na shafti pia. Shafti ikiwa imelika, bushi nzuri haitakaa vizuri. Na shafti ikitengenezwa upya, kipimo kipya kiandikwe.

4. Piga hesabu ya siku ya kuagiza

Hapa ndipo pana faida kubwa. Tuseme msimu wa chikichi nyingi ni miezi 4. Mashine hula bushi 2 kila mwezi. Basi msimu mzima unahitaji bushi 8.

Tuseme tangu kuagiza hadi kupata ni wiki 3. Huo ni muda wa kutafuta bronzi, kukereza na kusafirisha. Katika wiki 3 hizo mashine itakula karibu bushi 2. Ongeza 2 nyingine kwa ajili ya kuchelewa, maana mvua ipo na fundi anaweza kuugua. Jumla ni 4.

Kwa hiyo kanuni ya kikundi ni hii: BUSHI ZIKIBAKI 4, AGIZA. Usingoje ibaki 1. Usingoje zikwishe. Andikeni maneno hayo kwa herufi kubwa juu ya kifuniko cha sanduku.

Hesabu ya kila mahali ina namba zake. Lakini njia ni moja. Jiulize: Kipuri hiki hudumu muda gani? Kukipata huchukua muda gani? Nikicheleweshwa, nitahitaji vingapi?

5. Agiza vya msimu kwa pamoja

Ukiagiza bushi moja moja, fundi huandaa mashine yake mara 8. Hununua kipande kidogo cha bronzi mara 8. Nawe unalipa nauli mara 8. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Mara 8 ni shilingi 48,000. Ukienda mara 2 tu, ni shilingi 12,000. Shilingi 36,000 zimebaki katika mfuko wa kikundi. Tena fundi anayekereza nyingi kwa mara moja anaweza kukupunguzia bei, maana kazi yake imekuwa nyepesi.

Lakini usikimbilie kuchukua zote 8 siku ya kwanza. Patana na fundi hivi. Agizo ni la bushi 8. Anunue bronzi ya kutosha yote. Kwanza akereze 2. Mzifunge na kuzijaribu. Zikiwa nzuri, akereze zilizobaki. Zikiwa na kosa, kosa ni la 2, si la 8.

Wala usiagize za miaka mitano. Fedha iliyolala sandukuni hainunui dizeli. Na mashine ikibadilishwa, vipuri vile havitafaa tena. Akiba iwe ya msimu mmoja na kidogo zaidi.

6. Andika mapatano

Fundi mwema hakatai maandishi. Maandishi yanamlinda yeye na yanakulinda wewe. Yaandikwe mambo haya: kipuri gani, vingapi, cha chuma gani, vipimo vyake, bei, fedha ya kutangulia, na siku ya kumaliza. Iandikwe pia kwamba kipuri kisichofuata kipimo kitarudishwa na kutengenezwa upya. Pande zote mbili ziweke sahihi. Nakala moja ibaki kwa fundi, nyingine kwa kikundi.

Msimu ukikaribia, mweleze fundi mapema. Mwambie, "Fundi, baada ya miezi miwili tutahitaji bushi 8." Naye atanunua bronzi kwa utaratibu. Katika msimu fundi ana wateja wengi. Aliyesema mapema huhudumiwa mapema.

WAKATI MZURI WA KUAGIZA

Mkoani Kigoma mvua huanza kwa kawaida Oktoba au Novemba, na huendelea hadi Aprili au Mei. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu. Wakati huo njia za vijijini hupitika. Basi kagueni mashine na kukamilisha akiba kabla mvua hazijaanza. Tena msimalize fedha yote ya mavuno. Kila debe la mawese linalokamuliwa, wekeni kiasi kidogo katika mfuko wa vipuri. Haba na haba hujaza kibaba.

Mkihitaji ushauri, SIDO wana ofisi mjini Kigoma. Hilo ni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973. Chuo cha VETA Kigoma nacho kinafundisha vijana ufundi. Kikundi kinaweza kumpeleka kijana wake akajifunze kupima na kutunza mashine.

KAZI INAONGEZEKA

Mwaka 2018 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kufufua zao la michikichi Kigoma. Kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu bora ya Tenera. Chikichi nyingi za zamani ni za Dura. Dura ina gamba nene na nyama kidogo. Tenera ina gamba jembamba na nyama nyingi, kwa hiyo hutoa mafuta mengi zaidi. Huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi.

Hii ni habari njema. Lakini chikichi zikiongezeka, mashine zitafanya kazi saa nyingi zaidi. Bushi iliyodumu wiki mbili itadumu siku kumi. Mkulima anayeandaa shamba la Tenera leo aandae pia sanduku la vipuri. Vyote viwili ni kilimo. Kupanda mti bila kuwa na mashine nzima ni kama kupika bila sufuria.

Wanakikundi wa Kidahwe walipatana mambo matatu kabla hatujaachana. Katibu atatunza daftari. Mweka hazina atatenga fedha ya vipuri kila wiki. Na bushi ya kielelezo itakerezwa kwa kufuata kipimo cha shafti, si kwa kufuata bushi iliyolika. Hayo hayahitaji mashine mpya wala fedha nyingi. Yanahitaji kalamu, sanduku na watu wanaopatana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu kuna mashine gani? Ni kipuri kipi kinacholika mara kwa mara?

2. Kipuri hicho hudumu muda gani? Kukipata huchukua siku ngapi?

3. Mashine yenu ina daftari? Nani analitunza?

4. Kikundi kinatumia bushi 3 kila mwezi. Kuagiza huchukua mwezi mmoja. Kinataka akiba ya bushi 3 kwa ajili ya kuchelewa. Je, kiagize zikibaki ngapi?

Jibu la swali la 4: Zikibaki 6.